Mwongozo wa kununua injini ya boti Lamu: Mpya au iliyotumika?

KATIKA sehemu nyingi za bara, gari likizimika njiani abiria hushuka, wakakaa kivulini na kumngoja fundi. Baharini hakuna kivuli cha kungojea. Injini ya boti ikizimika katika Mlango wa Shela wakati kusi imechafuka, mkondo na mawimbi huanza papo hapo kukisukuma chombo kuelekea kusikotakiwa, na muda alio nao nahodha huwa ni dakika chache tu.

Ndiyo maana kununua injini ya kupachika tezini, ambayo wengi visiwani huiita mashine, ni uamuzi usiofaa kufanywa kwa kutazama bei peke yake. Kwa mvuvi wa Kizingitini, mchukuzi wa abiria wa Mokowe au mzazi wa Ndau anayempeleka mgonjwa hospitalini, chombo hicho ndicho barabara, ndicho gari na ndicho riziki.

Makala haya yanaeleza mambo anayopaswa kuyapima mnunuzi kabla ya kutoa fedha zake, awe anataka injini mpya dukani au iliyokwisha kutumika na mtu mwingine.

Safari kwanza, injini baadaye

Swali la kwanza si “Injini hii ni ya bei gani?” bali “Chombo changu kinakwenda wapi, kikibeba nini, na katika msimu gani?”

Safari za kutoka mji wa Lamu kwenda Mokowe au kwenye uwanja wa ndege wa Manda ni fupi, na maji yake aghalabu yamekingwa na visiwa. Safari za kwenda Siyu, Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate ni ndefu zaidi. Anayekwenda Kiwayu na Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, hukutana na bahari kuu isiyo na kinga.

Msimu nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, chombo kinachotoka Lamu kwenda Kiunga husaidiwa na upepo, lakini wakati wa kurudi huukabili upepo huohuo usoni. Injini inayoonekana kutosha wakati wa kwenda yaweza kushindwa wakati wa kurudi. Kwa hivyo, kanuni ya busara ni kuchagua nguvu kwa kuangalia safari ngumu zaidi unayoifanya mara kwa mara, chombo kikiwa kimepakia, wala si kwa safari nyepesi ya asubuhi ya kaskazi tulivu.

Injini ndogo mno hulazimika kukimbizwa kwa kasi kamili mchana kutwa, na maisha yake hufupika. Injini kubwa mno nayo huinamisha tezi, huchosha mbao za nyuma ya chombo na kunywa petroli bila sababu. Inayofaa ni ile inayoweza kukisukuma chombo kilichojaa huku mkono wa nahodha ukiwa umefungua kama robo tatu tu ya uwezo wake, robo iliyobaki ikihifadhiwa kwa ajili ya dharura.

Ni vyema pia kumuuliza fundi aliyekiunda chombo. Mafundi wa Matondoni, kijiji kinachosifika kwa uundaji wa majahazi na mashua, huweza kumweleza mtu kama ubao wa tezi utahimili uzito na msukumo wa injini anayoitamani, au kama unahitaji kuimarishwa kwanza.

Stroki mbili au stroki nne?

Injini za kupachika ziko za aina mbili kuu. Injini ya stroki mbili huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, na oili yake huchanganywa pamoja na petroli. Injini ya stroki nne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, nayo ina hodhi yake ya oili kama gari.

Stroki mbili ni nyepesi na haina vitu vingi ndani yake. Injini ya aina hiyo yenye nguvu za farasi 15 huwa na uzani wa kilo 40 hivi, ilhali ya stroki nne yenye nguvu sawa hupita kilo 50. Tofauti hiyo si ndogo kwa mvuvi anayeibeba injini begani kila jioni kutoka ufuoni hadi nyumbani. Zaidi ya hayo, fundi wa kawaida huweza kuifungua na kuitengeneza kwa spana za kawaida.

Stroki nne kwa upande wake ina sauti ya chini, moshi mchache, na hutumia petroli pungufu kwa takriban thuluthi moja. Hata hivyo, inahitaji kubadilishwa oili kwa ratiba, na zile kubwa zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta huhitaji fundi aliyesomea na vifaa maalumu vya kuzipima. Anayeishi Kiunga au Mkokoni ajiulize fundi huyo atampata wapi, na kwa siku ngapi.

Ipo pia aina ya tatu, ya stroki mbili zinazotumia mafuta ya taa, ambazo huwashwa kwa petroli na kisha kubadilishwa zikipata moto. Zilipendwa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Nchini Kenya manufaa hayo yalipungua sana Septemba 2018, wakati serikali ilipoanza kutoza ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kukomesha tabia ya kuyachanganya na dizeli.

Hesabu ya petroli

Wanunuzi wengi hubishana kwa siku kadhaa juu ya bei ya injini, kisha wasiitazame gharama ya kuiendesha. Kwa makadirio ya kawaida, injini ya stroki mbili inayokimbizwa kwa kasi kamili hutumia kama nusu lita ya petroli kwa kila nguvu moja ya farasi katika saa moja.

Chukua mfano wa injini ya nguvu za farasi 15. Itatumia kama lita 7.5 kwa saa. Ikifanya kazi saa nne kwa siku, siku 20 kwa mwezi, jumla ni lita 600. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, hapo pana lita 12 za oili vilevile. Injini ya stroki nne katika kazi iyo hiyo ingetumia karibu lita 400, bila oili ya kuchanganya.

Tofauti ya lita 200 kila mwezi ni kubwa. Mchukuzi wa abiria anayefanya kazi kila siku huweza kuona kuwa stroki nne, japo ni ghali dukani, humrudishia fedha zake baada ya muda. Kwa mvuvi anayetoka siku chache tu kwa mwezi, au anayetegemea zaidi tanga, hesabu hiyo huenda isimfae, na wepesi wa stroki mbili ukawa na thamani kubwa zaidi kwake.

Shafti na rafadha

Kosa moja linalowagharimu wengi ni kununua injini yenye shafti isiyolingana na chombo. Shafti fupi huwa na urefu wa inchi 15 hivi, ndefu inchi 20, na nyingine hufika inchi 25. Mnunuzi apime kimo cha ubao wa tezi kabla ya kwenda dukani.

Injini ikishapachikwa, bamba bapa lililo juu kidogo ya rafadha linapaswa kuwa sawa na chini ya chombo, au chini yake kidogo. Shafti ikiwa fupi mno, rafadha hunyonya hewa kila wimbi linapoinua tezi. Injini hulia kwa kasi bila kusukuma, na hilo ni hatari hasa pale chombo kinapovuka mlango wa bahari. Ikiwa ndefu mno, huburuta maji na hugonga chini upesi kwenye mafungu ya mchanga na vijia vya mikoko maji yanapokupwa.

Rafadha nayo ina vipimo viwili: upana wake, na umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Chombo cha mizigo hufaa kuwa na rafadha ya mwendo mfupi, na boti nyepesi ya kasi huhitaji ya mwendo mrefu. Injini ambayo haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake ingawa imefunguliwa kabisa, mara nyingi haina ugonjwa wowote; imevishwa tu rafadha isiyoifaa.

Unaponunua mpya

Faida ya injini mpya ni kwamba historia yake unaianza wewe. Lakini upya peke yake si kinga. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni iliyoiunda, na udai stakabadhi yenye namba ya injini. Soma dhamana: je, inahusu chombo cha biashara au cha starehe tu? Inadumu kwa muda gani? Itabidi injini ipelekwe Mombasa ikiharibika, au yupo fundi wa kuishughulikia Lamu?

Jambo la pili ni vipuri. Kabla ya kulipa, uliza bei na upatikanaji wa vitu vitatu: impela ya pampu ya maji, plagi na rafadha. Jina geni lenye bei nafuu huweza kugeuka hasara iwapo kipande kidogo cha mpira kitaagizwa kutoka ng'ambo huku chombo kikikaa juu ya mchanga kwa wiki sita. Sababu mojawapo ya baadhi ya majina kuendelea kutawala katika fuo zetu ni kwamba vipuri vyake hupatikana na mafundi wanavijua.

Tatu, injini mpya hulainishwa kwanza. Miongozo ya injini nyingi za stroki mbili hutaka saa 10 za mwanzo ziendeshwe taratibu, kwa mchanganyiko wenye oili maradufu, yaani 25 kwa 1. Maana yake ni lita moja ya oili katika lita 25 za petroli. Baadaye, kwa 50 kwa 1, nusu lita hutosha. Soma kitabu cha injini yako mwenyewe na ukifuate.

Oili yenyewe iwe ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, na huacha majivu ambayo huganda juu ya pistoni na kuziba plagi za injini inayopozwa na maji.

Unaponunua iliyotumika

Injini iliyotumika si lazima iwe mbovu. Ziko zilizotunzwa vyema na wenyewe, na bei yake huwapa vijana wengi nafasi ya kuanza kazi. La muhimu ni kuikagua kwa utaratibu, mchana kweupe, na fundi unayemwamini akiwa kando yako.

Anza kwa kuigusa. Fika mapema na uwekelee mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto kabla hujaiona ikiwashwa, huenda muuzaji amekwisha kuiwasha ili isikusumbue. Injini njema huwaka ikiwa baridi.

Fungua kifuniko. Tafuta kutu, chumvi nyeupe iliyoganda na skrubu zilizokwisha kingo kwa kufunguliwa mara nyingi. Rangi mpya juu ya injini kuukuu huweza kuficha nyufa. Uliza waziwazi kama iliwahi kuzama. Maji ya chumvi yakiingia ndani na injini isifunguliwe na kusafishwa upesi, beringi na krenki huanza kuliwa polepole.

Toa plagi. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeusi na yenye mafuta huashiria mchanganyiko mzito au mwako hafifu. Nyeupe huashiria joto la kupita kiasi. Matone ya maji ni onyo kwamba gasketi huenda imekufa.

Pima mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Mafundi wengi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 10 baina ya silinda moja na nyingine. Tofauti kubwa kuliko hiyo ina maana ya ringi au pistoni, na hiyo ni gharama kubwa.

Fungua oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yanapita kwenye sili. Ikitoka na chembe za chuma, meno ya gia yanasagika.

Zungusha rafadha kwa mkono injini ikiwa imezimwa na gia haijatiwa. Shafti iliyopinda huonekana kwa kuyumba, na mara nyingi ni kumbukumbu ya kugonga mwamba.

Hatimaye, ingia baharini. Usikubali kusikilizishwa injini ufuoni peke yake, na kamwe isiwashwe bila maji, kwa kuwa impela ya mpira huungua kwa muda mfupi sana. Iendeshe chombo kikiwa na watu au mzigo kwa nusu saa. Tazama mchirizi wa maji ya kupozea: uwe na nguvu na usikatike. Jaribu gia ya mbele na ya nyuma. Izime ikiwa na joto kali, kisha uiwashe tena. Injini inayokataa kuwaka ikiwa moto ndiyo itakayokuacha mlangoni.

Muuzaji akikataa majaribio hayo, amekwisha kukujibu.

Zipo pia injini zinazoletwa kutoka ng'ambo. Mnunuzi akumbuke kwamba Marekani ilianza mwaka 1998 kutekeleza kanuni za moshi zilizokaza hatua kwa hatua hadi 2006, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata na zake kwa injini mpya za stroki mbili kuanzia 2007. Kanuni hizo ziliziondoa stroki mbili za kabureta katika mauzo mapya ya huko. Basi anayeambiwa kuwa injini ya aina hiyo imetoka Ulaya na “imetumika miaka miwili tu” ana haki ya kuuliza maswali zaidi.

Hati na umiliki

Wizi wa injini za boti ni tatizo linalojulikana katika fuo nyingi, na mnunuzi wa mali ya wizi huweza kupoteza fedha na injini, na pengine uhuru wake. Linganisha namba iliyo kwenye kishikizo cha injini na ile ya stakabadhi. Namba iliyokwaruzwa au bamba lililong'olewa ni sababu tosha ya kuondoka.

Andikisheni mauziano, mkitaja namba hiyo, mbele ya chifu au viongozi wa kamati ya usimamizi wa ufuo, maarufu BMU. Kamati hizo zinatambuliwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2007, na viongozi wake huwajua wenye vyombo. Chombo chenyewe kinapaswa kusajiliwa na kukaguliwa na Halmashauri ya Usimamizi wa Shughuli za Baharini (KMA), iliyoanzishwa mwaka 2004. Anayenunua injini kubwa zaidi ya ile ya awali aulize kama mabadiliko hayo yanaathiri cheti chake.

Chumvi, adui wa kila siku

Injini, iwe mpya au kuukuu, huuawa na chumvi zaidi kuliko kazi. Baada ya kila safari isuuzwe kwa maji matamu kwa dakika 10 hivi ikiwa inanguruma taratibu. Katika vijiji vya visiwa vinavyotegemea majabia ya kuhifadhi maji ya mvua, si rahisi kumwaga maji ovyo. Pipa lililokatwa na kujazwa maji hadi juu ya pampu hutosha kuitumbukizia injini, mradi maji hayo yabadilishwe yanapopata chumvi.

Vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya injini vimewekwa ili viliwe na chumvi badala ya chuma. Vikiisha nusu, vibadilishwe, na visipakwe rangi. Impela ibadilishwe kila mwaka, au mapema zaidi kwa wanaopita kwenye matope na mchanga. Petroli iliyobebwa kwa madumu ipitishwe kwenye kichujio cha kutenga maji.

Vya kuwa navyo chomboni

Hakuna injini isiyozimika. Kwa hivyo gharama ya injini ihesabiwe pamoja na vitu hivi: plagi za akiba na spana yake, pini ya rafadha, kamba ya kuwashia, koleo, tochi, nanga yenye kamba ya kutosha, kasia, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo. Nanga huwazuia watu kuchukuliwa hadi miambani wakati fundi anapohangaika. Kamba ya usalama ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa nahodha, ili akitupwa majini rafadha isigeuke kumrudia.

Petroli nayo igawanywe mafungu matatu: thuluthi ya kwenda, thuluthi ya kurudi, na thuluthi ya akiba. Onyo la upepo mkali na mawimbi likitolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ukubwa wa injini usimtie mtu jeuri.

Mwenye fedha za kununua injini mpya kubwa, lakini akabaki bila ya kununulia majaketi, vipuri na mafuta ya akiba, ni afadhali achukue ndogo yake. Mwenye fedha kidogo naye asione haya kununua iliyotumika, mradi ameifungua, ameipima na ameipeleka baharini kabla ya kulipa. Wazee wa visiwani ambao hadi leo hawang'oi mlingoti hata baada ya kupachika injini hawafanyi hivyo kwa mapambo. Wanajua kwamba kusi haiulizi chombo kilinunuliwa kwa kiasi gani.